Kodi ya Mabinti: Dola za Kale na Giza la Hekaya, Kutoka Ninawi Hadi Masakta

Masakta ni kata ya wilaya ya Hanang, mkoani Manyara, na mgeni afikaye huko kwa nia ya kutafuta magofu ya wafalme atarudi mikono mitupu, kwa kuwa katika nchi hiyo yote, toka nyanda za juu za Mbulu mpaka miguuni mwa mlima Hanang, hakuna kasri lililobomoka, wala jiwe lililochongwa amri za sultani, wala sarafu yenye sura ya mtawala wa zama za kale. Walichorithi wenyeji wa huko, Wairaqw na Wadatoga, ni maneno ya vinywani: mapokeo ya safari za mababu, sala za wazee, na hekaya zilizosimuliwa usiku kandokando ya moto, nazo hekaya hizo msomaji asidhani kwamba ni za kubembelezea watoto usingizi tu, maana ndani yake mna watoto wanaotekwa, wake wanaouawa msituni, na mabinti wanaotolewa kwa adui ili mwana wa mkubwa apate kurudishwa hai.

Ni desturi ya watu waliosoma kuzitenga taarikh hizi mbili: ile ya dola kubwa, ambayo hufundishwa shuleni kwa miaka na majina, na ile ya hekaya, ambayo huachiwa bibi na wajukuu zake. Mimi naona kwamba ni taarikh moja iliyohifadhiwa na watu wawili. Aliyeshinda aliandika juu ya jiwe kiasi alichopokea. Aliyeshindwa, ambaye hakuwa na jiwe wala patasi, alisimulia kiasi alichotoa, na kwa kuwa alichotoa aghalabu kilikuwa ni watoto wake mwenyewe, simulizi lake likawa la kutisha. Hesabu hiyo ya waliotoa ndiyo nitakayo kuifuata, tangu kingo za mto Hidekeli mpaka Hanang.

Ashuru na Athens, karne ya 9 hadi ya 5 K.K.

Mfalme Ashurnasirpal wa Pili alitawala Ashuru tangu mwaka 883 hadi 859 K.K., akaujenga upya mji wa Kalhu, si mbali na Ninawi, na katika mji huo akaamuru zichongwe habari za vita vyake kwa kinywa chake mwenyewe. Humo anajisifu kwamba aliwachuna ngozi wakubwa wa mji ulioasi na kuzitandaza ngozi zao juu ya nguzo aliyoijenga mbele ya lango, na kwamba vijana wao wa kiume na wa kike aliwateketeza kwa moto. Mtu akisomewa maneno hayo bila ya kuambiwa yametoka wapi atadhani ni ya zimwi; ila zimwi la hekaya hushindwa mwishowe, na mfalme huyu alikufa akiwa mfalme, akarithiwa na mwanawe.

Ashuru ilituachia maneno ya mpokeaji peke yake. Kwa Wagiriki tumebahatika kuyapata ya mtoaji. Watu wa Athens walisimulia kwamba zamani za kale mji wao ulikuwa chini ya Minos, mfalme wa Krete, ambaye mwanawe aliuawa katika nchi yao, naye kwa kisasi akawatoza kodi ya wavulana saba na wasichana saba, wapelekwe kwa jahazi mpaka kisiwani, watiwe katika jumba lenye njia zisizotoka, na huko waliwe na kiumbe mwenye kichwa cha fahali na kiwiliwili cha mtu. Kodi hiyo ilirudi kwa zamu, mpaka kijana Theseus, mwana wa mfalme wa Athens, alipojitia mwenyewe miongoni mwa waliotolewa, akamwua yule kiumbe. Watu wazima hukumbuka ushujaa wa Theseus. Mtoto anayeisikia kwa mara ya kwanza huuliza habari ya wale waliotangulia, ambao hawakuwa na Theseus, na swali la mtoto ndilo lililo karibu zaidi na historia.

Lakini taarikh ya Athens haikukomea hapo. Mwaka 478 K.K. miji ya Wagiriki ilifunga ahadi ya kujilinda na Waajemi, Athens ikiwa kiongozi. Mwaka 454 K.K. hazina ya ushirika ilihamishiwa Athens, na ahadi ikageuka kuwa dola, na michango ikageuka kuwa kodi, ambayo sehemu yake iliyowekwa wakfu kwa mungu wao wa kike iliandikwa juu ya mawe makubwa, mji kwa mji, na vipande vya mawe hayo vingalipo hata leo. Mwaka 416 K.K. kisiwa cha Melos kilikataa kuingia katika utii, nacho kilipotekwa wanaume wake waliuawa, na wanawake na watoto wakauzwa utumwani. Watu wale wale waliolelewa kwa hekaya ya watoto waliopelekwa Krete waliwapeleka watoto wa Melos sokoni. Nimelisema hili mapema ili msomaji asidhani kwamba nazitetea hekaya kama dawa ya dhulma, kwani walioteswa wakipata nguvu waweza kutesa, nayo hekaya yao ya zamani isiwazuie.

Aksum na nyoka

Upande wetu wa bahari, mojawapo ya dola kubwa za zama za kale ilikuwa Aksum, katika nyanda za juu za Uhabeshi na Eritrea, ambayo ilichonga minara ya jiwe moja, ikapiga sarafu za dhahabu, na katika karne ya 4, chini ya mfalme Ezana, ikaingia katika Ukristo. Ezana naye aliandika ushindi wake juu ya mawe, akataja waliouawa, mateka na mifugo, kama ilivyo ada ya wafalme.

Watu wa nchi hiyo, lakini, husimulia kwamba kabla ya wafalme palikuwa na nyoka mkubwa jina lake Arwe, aliyekuwa akitawala, na kodi yake ilikuwa ni mifugo pamoja na mabinti. Na kwamba mtu mmoja, Angabo, alimlisha mbuzi mwenye sumu, akamwua, wananchi wakamtawaza, na binti yake ndiye aliyekuja kuwa malkia wa Sheba. Nayaweka mapokeo haya kando ya yale ya Krete kwa sababu yanafanana katika jambo moja: mtawala wa kwanza katika kumbukumbu ya raia hana sura ya binadamu, naye hukumbukwa kwa kile alichokula.

Wakushi wa kusini na ngome ya Ma'angwatay

Miaka 3,000 iliyopita, kama si zaidi, wafugaji na wakulima wenye kusema lugha za Kikushi walikuwa wamekwisha kuteremka kwa njia ya Bonde la Ufa mpaka katikati ya nchi ambayo leo ni Tanzania, na Kiiraqw, pamoja na Kigorowa cha Babati na Kialagwa na Kiburunge cha pande za Kondoa, ni masalia ya lugha hizo. Wapo watu, wenyeji na wageni, wanaodai kwamba Wairaqw walitoka Mesopotamia, eti kwa kuwa jina lao lafanana na la nchi ya Iraki. Dai hilo halina msingi, kwa maana ndugu wa karibu wa Kiiraqw wako Babati na Kondoa na wa mbali wako Uhabeshi, wala hawako Babeli. Hata hivyo naifahamu tamaa iliyolizaa: mtu aliyefundishwa kwamba historia ni mali ya wenye dola hutamani na yeye awe na dola katika nasaba yake, nami ningependa kumwambia kwamba hana haja nayo.

Kwa kweli kazi kubwa iliyofanywa katika nchi hizi haikumhitaji mfalme. Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kaskazini ya Ziwa Manyara, watu ambao baadhi ya wataalamu wamewahusisha na wazee wa Wairaqw walichimba mifereji kutoka mitoni, wakagawanya mashamba kwa kuta za mawe, wakamwagilia takriban hekta 2,000 kati ya karne ya 15 na ya 18, kisha wakaondoka. Hawakuacha jina la mtawala hata mmoja.

Jina wanalolikumbuka Wairaqw ni la Haymu Tipe, na kumbukumbu hiyo si ya ushindi. Husimuliwa kwamba alikuwa kiongozi wa watu wake katika ngome ya Ma'angwatay, mahali padhaniwapo kuwa pande za Kondoa; kwamba ngome ilishambuliwa, na watu wakamwacha, akabaki na kundi dogo la vijana; kwamba adui walimteka Gemakw, mwanawe wa pekee, wakatishia kumwua. Haymu Tipe akatoka kuitafuta jamaa yake, akawakuta msituni wake zake na watoto wake na walinzi wao wamekwisha kuuawa. Aliyesalia hai alikuwa Simbo, mke mwenye mimba, ambaye walikuwa wamegombana, na kwa sababu ya ugomvi huo hakuwa pamoja na wenzake. Simbo ndiye aliyempa habari: Gemakw yu hai, na waliomteka wanataka ng'ombe na mabinti.

Haymu Tipe alikubali. Ng'ombe wakatoka, na mabinti wakatoka. Mwana akarudishwa kama ilivyoahidiwa. Kisha kiongozi akahamia Guser-Twalay na watu wake waliosalia, akaugua, akafa. Na Simbo na mwana aliyemzaa wakaendelea mpaka nyanda za Mbulu, ambako kizazi chao kilienea.

Nimelifikiri simulizi hili kwa muda mrefu, na mahali panaponisimamisha kila mara ni pale ambapo msimulizi mwenyewe hasimami. Gemakw anatajwa kwa jina, Simbo anatajwa kwa jina, na mabinti waliotolewa hawatajwi. Hakuna ajuaye walikuwa mabinti wa nani, wala kama kati yao yupo aliyerudi. Katika Krete walihesabiwa, saba kwa saba. Katika Uhabeshi ilikuwa ni mabinti tu. Na huku pia ni mabinti tu. Mapokeo ya wanyonge nayo yana wanyonge wake, ambao hubebwa ndani ya simulizi kama walivyobebwa ndani ya kodi, pasipo sauti.

Wala isidhaniwe kwamba khofu ya wazee wa Mbulu ilikuwa ni ya adui wa nje peke yake. Katika imani yao ya asili Lo'a, aliye jua, ndiye mama na mwenye kheri, na Netlangw, wakaao katika chemchemi na vijito, ndio wenye kudhuru wakiudhiwa. Na nchi yote, mvua yake na mifugo yake, ilihesabiwa kuwa katika hatari pakitokea unajisi. Msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa aliwekwa katika hali iliyoitwa metimani, akaondoshwa kijijini, asichangamane na watu, akakae mbali porini au kwa watu wasio wa kabila lake. Katika nchi isiyokuwa na dola, kodi ya mabinti iliendelea kutozwa na jamaa zao wenyewe, kwa jina la mvua. Hili nalo ni giza, na ni letu.

Kassel, 1812

Sina budi kuivuka bahari kwa kitambo, kwa sababu hekaya zinazojulikana zaidi duniani leo, na ambazo watoto wa Tanzania huzisoma katika vitabu vya picha, zilikusanywa chini ya dola nyingine iliyokuwa ikitoza watu.

Mwaka 1807 Napoleon aliunda ufalme wa Westphalia katikati ya nchi za Wajerumani, akamtawaza ndugu yake Jérôme katika mji wa Kassel, na katika maktaba ya mfalme huyo mgeni aliajiriwa Jacob Grimm, kijana msomi, ambaye pamoja na Wilhelm ndugu yake alikuwa akikusanya hadithi za wenyeji. Kitabu chao cha kwanza kilitoka Desemba 1812. Majira hayo hayo ya baridi askari wa Westphalia zaidi ya 20,000, waliopelekwa kumpigania Napoleon katika nchi ya Urusi, walikuwa wamekwisha kuangamia kwa vita, njaa na theluji, wakirudi wachache sana. Na katika kitabu hicho mlikuwa na nini? Mlikuwa na baba na mama waliopungukiwa chakula wakawapeleka watoto wao, Hansel na Gretel, msituni ili wawaache huko. Mlikuwa na mama wa kambo aliyemwua mtoto wa mumewe, akampika, akampakulia babake. Mlikuwa na dada waliojikata vidole na visigino ili kiatu cha dhahabu kiwaenee.

Kitabu hakikuandikwa kwanza kwa ajili ya watoto, na kilipoanza kununuliwa kwa ajili yao wahariri walianza kukisafisha. Hadithi ya watoto waliocheza mchezo wa kuchinjana iliondolewa. Na yule mama aliyemshawishi mumewe awaache Hansel na Gretel, ambaye katika chapa ya 1812 alikuwa mama mzazi, katika chapa ya 1840 aligeuzwa kuwa mama wa kambo. Damu waliiacha ibaki. Walichokiondoa ni ushuhuda kwamba njaa ikizidi hata mama aliyezaa huacha. Nami nahesabu badiliko hilo kuwa hasara kubwa kwa historia, kwa sababu liliwaletea mamilioni ya watoto dhana kwamba ubaya ule ulitokana na mwanamke mmoja mwenye roho mbaya, ilhali chanzo chake kilikuwa ghala tupu.

Karne ya 19: nyumba zilizozikwa na paka wa Sultani

Katika nusu ya kwanza ya karne hiyo Wamasai waliwaondoa Wadatoga katika kreta ya Ngorongoro, wakawasukuma kusini mpaka nchi za Hanang, na makaburi ya wakubwa wa Kidatoga yakabaki nyuma, mikononi mwa wengine. Wairaqw nao walijibana katika vilima vya Mbulu, na usanifu wa nyumba zao unaeleza hali yao kuliko wimbo wowote: mtu alichimba ubavu wa mlima, akajenga ndani ya shimo hilo, akaezeka kwa miti na kufunika kwa udongo mpaka paa likawa sawasawa na mteremko, na usiku watu, ng'ombe, mbuzi na watoto wakalala humo pamoja, moshi ukitafuta njia, ili washambuliaji wapitao juu wasione kitu ila kilima. Ndani ya nyumba kama hiyo ndimo hekaya za nchi hii zilimokuwa zikisimuliwa. Msikilizaji hakuhitaji kuambiwa awazie zimwi lililo nje.

Pwani wakati huo palikuwa na dola ya Sultani wa Unguja, na misafara yake ya pembe na watumwa ilipenya bara. Padri Edward Steere alikusanya hadithi za Unguja, akazichapisha London mwaka 1870, miaka mitatu kabla ya mkataba uliofunga soko la watumwa. Miongoni mwake imo hadithi ya Sultani Majnun, ambayo naiona kuwa andiko la siasa lenye nguvu kuliko mengi yaliyoandikwa na wanasiasa. Sultani huyo alikuwa na paka. Paka akakamata ndama, watu wakaenda kumshitaki. Sultani akajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Paka akala mbuzi, akala ng'ombe, akala punda, na kila walipokwenda kushitaki jibu likawa ni lile lile, kwa kuwa mali yote ilikuwa mali ya Sultani. Paka akaingia porini, akaanza kula watu, na bado Sultani hakutaka kusikia. Siku paka alipokula watoto watatu wa Sultani, ndipo Sultani alipotambua kwamba huyo si paka tena, bali ni Nunda, mla watu. Na ikambidi mwanawe mdogo aende kumtafuta na kumwua.

Hadithi hiyo ilisimuliwa hadharani katika mji ambamo binadamu walikuwa wakinadiwa, nami sijapata kusikia kwamba yuko aliyeadhibiwa kwa kuisimulia, kwa maana ilikuwa ni hadithi ya paka tu.

1892 hadi 1916

Mwaka 1890 na baada yake sotoka iliangamiza ng'ombe wa Afrika Mashariki, ndui na njaa vikaifuata. Machi 1892 Oscar Baumann, Mwaustria aliyekuwa akisafiri kwa niaba ya kamati ya Kijerumani ya kupinga utumwa, aliingia Ngorongoro, akawakuta Wamasai wakiwa mifupa mitupu, wakitambaa kuizunguka kambi yake. Ameandika kwamba wazazi walimletea watoto wao wabadilishane na kipande cha nyama, na alipokataa waliwaficha watoto hao karibu na kambi, wakaondoka.

Mkutano huo haujawahi kusomwa kama inavyostahili. Msomi huyu alitoka katika nchi zenye kusema Kijerumani, ambako hadithi ya Hansel na Gretel ilikuwa katika kila nyumba yenye vitabu, naye akayaona kwa macho yake yaliyomo ndani ya hadithi hiyo. Wale wazazi hawakuwa na roho mbaya. Waliwaacha watoto penye chakula. Na mashujaa waliokuwa khofu ya Mbulu na Hanang kwa miaka mingi, ambao kwa ajili yao watu walizika nyumba zao ardhini, ndio waliokuwa sasa wakiomba.

Dola ya Wajerumani iliwafuata wasafiri wake. Boma lilijengwa Mbulu, kodi ya kichwa ikatozwa, na Wadatoga, ambao uongozi wao ulikuwa wa manabii kuliko wa majumbe, walionekana kuwa watu wasiotawalika. Nabii wao mkuu wa zama zilizotangulia alikuwa Saigilo. Mwanawe, Gidamausa, alikamatwa na Wajerumani akanyongwa, kabla ya Vita Kuu ya 1914. Habari hiyo bado husimuliwa katika nyumba za Wabarabaig, walio tawi la Wadatoga, na husimuliwa kwa namna ya mapokeo ya kale, pamoja na ishara na maneno ya mwisho, ingawa kitanzi kilikuwa cha serikali yenye makarani. Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yaliichukua nchi hiyo.

Zama za Waingereza zilileta hekaya moja kubwa, nayo ni ya mumiani. Tangu miaka ya 1920 watu wa Nairobi, Kampala, Mombasa na Dar es Salaam waliambiana kwamba wako watumishi wa serikali, hususa wazimamoto, wanaokamata watu usiku na kuwatoa damu ili itengenezwe dawa ya wazungu. Watawala waliipuuza kuwa ni ujinga. Lakini mtu aliyepelekwa katika mashamba ya mkonge, au aliyechukuliwa kuwa mpagazi vitani na kumwona mwenziwe amerudi hana nyama mwilini, alikuwa akieleza jambo la kweli kwa lugha aliyokuwa nayo: kwamba kuna mahali nguvu za mwili wake zinakwenda, na harudishiwi.

Baada ya Uhuru: trekta na makaburi

Ningependa kuandika kwamba hesabu hii ilifungwa Desemba 1961, lakini sivyo ilivyokuwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ya Tanzania, ikitaka nchi ijilishe mkate wake, ilianzisha mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu, wilayani Hanang, na kwa msaada wa Kanada mashamba hayo yaliyokuwa chini ya shirika la NAFCO yakapanuka mpaka takriban ekari 100,000. Nyanda hizo zilikuwa malisho ya Wabarabaig, na humo yalikuwamo makaburi yao yaitwayo bung'eda.

Kaburi hilo halijengwi kwa siku moja. Mzee aliyeheshimika akifa, jamaa na majirani hukusanyika kwa miezi, wakijenga kilima cha udongo juu ya maiti, tabaka juu ya tabaka, kikapanda kupita kimo cha mtu, huku pombe ya asali ikinywewa na nyimbo za watangulizi zikiimbwa. Na baadaye kilima hicho huwa ni mahali pa sala, ambapo kizazi hurudi na kutaja nasaba. Kwa watu wasio na maandishi, hayo ndiyo yaliyokuwa maandishi. Matrekta yaliyapitia mengi ya makaburi hayo, yakasawazishwa na matuta.

Mwaka 1981 kijiji cha Mulbadaw kiliishitaki NAFCO. Mahakama Kuu iliwapa wanakijiji haki mwaka 1984. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na miongoni mwa sababu zake ni kwamba wadai hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya Sheria ya Ardhi iliyoachwa na Waingereza. Watu ambao babu zao walikuwa wamelala chini ya jembe walitakiwa waonyeshe kwamba ni wa nchi hiyo. Sioni tofauti ya asili kati ya jambo hilo na jibu la Sultani Majnun. Waliotenda hivyo hawakuwa wageni, nao walitaka kheri ya taifa, na kwa sababu hiyo hasa ni wajibu wetu kulitaja bila ya kulifunika.

Kazi ya kuhifadhi imeanza zamani kidogo. William Kamera, mwanazuoni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alizikusanya hekaya za Wairaqw na kuzichapisha katika miaka ya 1970, na wataalamu wa lugha wameendelea kurekodi Kiiraqw na Kidatoga. Lakini kiasi kilichoandikwa ni kidogo, na vitabu vipya vya watoto vinavyotoka sasa vinaelekea kufanya kile kilichofanyika katika chapa ya 1840: zimwi linachekesha, mateka wanarudi wote, na mabinti wa Haymu Tipe hawamo kabisa.

Kwa hiyo namwomba kijana wa Masakta, na wa Katesh, na wa Dareda, na wa Mbulu, ambaye nyumbani kwao yuko bibi au babu mwenye masimulizi haya: keti naye mwaka huu, umwandikie kwa Kiiraqw au kwa Kidatoga kama anavyosema yeye, kisha kwa Kiswahili, pamoja na majina ya mahali, vijito na koo. Mwulize habari za waliotolewa, majina yao na walikopelekwa, hata kama yeye mwenyewe hakupata kuulizwa hivyo. Na akifika penye damu, usimkatize, wala usimtafutie mama wa kambo.